Kuhesabu Planktoni kwa Hadubini na Kompyuta: Kutoka Chupa ya Maji ya Malindi Hadi Jedwali

Mto Sabaki huingia baharini kaskazini ya mji wa Malindi, kabla hujafika Mambrui. Mvua ikinyesha bara, maji yake huja mekundu kwa tope. Kusi inapovuma, mkondo hulisukuma tope hilo upande wa kaskazini. Kaskazi ikiingia baada ya vuli, hulirudisha upande wa mji, hadi kwenye matumbawe ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi. Ndani ya maji hayo hayo wanaishi planktoni, viumbe ambao wengi wao hawaonekani kwa macho matupu, na ambao samaki wetu wote wanawategemea kwa njia moja au nyingine. Kujua ni wangapi, na lini wanaongezeka au kupungua, ni jambo la maana kwa kila anayekula kwa jasho la bahari.

Kuwahesabu kwa jicho kunawezekana, ila kunachosha. Sampuli moja inaweza kumaliza asubuhi nzima. Kompyuta ikipewa picha mia moja inazimaliza kwa dakika chache. Tatizo ni kwamba kompyuta haijui planktoni ni kitu gani. Inajua pikseli, yaani nukta zinazounda picha, zenye giza na zenye mwanga, basi. Ukiipa picha ya maji yenye tope la Sabaki bila kuiongoza, itakuhesabia tope na kukupa jedwali safi lenye namba zisizo na maana. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu haihusu kubofya vitufe. Inahusu kazi inayofanyika kabla ya kompyuta kuwashwa, na kazi ya kuihakiki baada ya kumaliza.

Nimewaandikia walimu wa biolojia, wanafunzi wa sekondari na vyuo, na vikundi vya vijana na wavuvi vinavyotaka kufuatilia maji yao wenyewe.

Vifaa

Hadubini ya kawaida ya shule yenye lenzi za 4x, 10x na 40x inatosha. Kamera ya hadubini ni bora, lakini simu nzuri iliyobanwa kwa kishikizo juu ya lenzi ya kuchungulia inafanya kazi vizuri. Usiishike simu kwa mkono: kila picha itakuwa na umbali wake na mwelekeo wake, na vipimo vyote vitayumba.

Programu tutakayotumia ni Fiji. Hii ni ImageJ iliyoongezewa vifaa vingi vya sayansi ya uhai. ImageJ yenyewe ilianzishwa na Wayne Rasband katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani mwaka 1997, na ni ya bure. Ukishaipakua huhitaji intaneti wala kuisakinisha. Unafungua folda na kuiwasha, na unaweza kumpa mwenzako kwa flashi. Majina ya menyu nimeyaacha kama yalivyo kwenye skrini ili uyaone kwa urahisi.

Utahitaji pia chemba ya kuhesabia ya Sedgwick-Rafter. Ni kipande cha kioo au plastiki chenye kishimo cha urefu wa milimita 50, upana wa milimita 20 na kina cha milimita 1, kwa hiyo kinabeba mililita 1 kamili. Slaidi ya kawaida na kifuniko chake haifai kwa kazi hii, kwa sababu hujui kina cha maji yaliyo chini ya kifuniko. Bila kina hakuna ujazo, na bila ujazo huwezi kusema ni wangapi kwa lita.

Amua kwanza unahesabu nini

Andika kwenye daftari, kwa maneno, kabla ya kugusa maji. Je, unahesabu seli zote zinazozidi mikromita 20 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita)? Au diatomu (mwani wa seli moja wenye ganda gumu) za duara kama Coscinodiscus peke yake? Na vipi kuhusu Chaetoceros, ambayo seli zake hushikana mnyororo: mnyororo mzima ni mmoja, au kila seli ni moja? Majibu yote mawili yanakubalika. Kisichokubalika ni kubadilisha jibu katikati ya kazi, au watu wawili wa kikundi kimoja kuwa na majibu tofauti. Ukiacha uamuzi huu mpaka uone picha, utaamua kwa kufuata kile ambacho programu imekupa.

Kuchota maji

Kwa swali la "wangapi", tumia chupa, usitumie wavu. Wavu wa planktoni wenye matundu ya mikromita 20 unakusanya viumbe wengi wa kupendeza na ni mzuri sana kwa kujifunza sura zao. Ila wadogo wanapita, na kwenye maji ya tope matundu huziba, hivyo hujui ni maji kiasi gani yaliyopita ndani yake. Chupa ya lita moja iliyosuuzwa mara mbili au tatu kwa maji ya pale pale, kisha ikazamishwa chini kidogo ya uso wa bahari, inakupa ujazo unaoujua.

Andika saa, mahali, upepo, na hali ya maji: kupwa au kujaa, bamvua au maji mafu. Siku za bamvua maji hapa hupanda na kushuka kwa takriban mita tatu, na maji yanayotoka yakikupwa si yale yaliyoingia yakijaa. Ukichota leo maji yakijaa na wiki ijayo yakikupwa, tofauti utakayoiona inaweza kuwa ya maji tu, wala si ya planktoni. Chagua hali moja uishikilie. Kama unachota ndani ya hifadhi, omba kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kwanza, na kama ni utafiti rasmi, leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, pia.

Kuhifadhi na kutuamisha

Tia maji ya Lugol mara moja, ungali ufukweni au mashuani. Hayo ni mchanganyiko wa iodini na iodidi ya potasiamu. Anza na nusu mililita kwa kila mililita 100 za maji, uongeze kidogo kidogo mpaka rangi iwe ya chai ya rangi iliyo nyepesi. Iodini inaua, inahifadhi, inaongeza uzito ili seli zizame, na inazipaka rangi ya kahawia. Rangi hiyo ndiyo itakayoisaidia kompyuta baadaye. Weka chupa gizani, maana jua linaifuta iodini, na uangalie rangi kila baada ya siku chache.

Lugol ina gharama zake. Seli husinyaa kidogo, kwa hiyo usilinganishe ukubwa wa seli zilizotiwa Lugol na wa seli hai. Ikiwa imetiwa asidi, itayeyusha viumbe wenye magamba ya chokaa. Na mng'ao mwekundu wa klorofili, ambao nitaueleza mbele, hupotea kabisa.

Mimina lita nzima kwenye silinda ndefu na uiache siku mbili mahali pasipotikisika. Kisha nyonya maji ya juu polepole kwa mrija mwembamba ulioupinda ncha kuelekea juu, ubakishe mililita 50 za chini. Umezidisha wingi mara 20. Kabla hujatupa maji uliyonyonya, angalia tone lake kwa hadubini. Trichodesmium, inayotokea baharini kwetu hasa majira ya kaskazi bahari ikitulia, ina vifuko vya gesi vinavyoielesha. Ukiikuta humo, ijue haitatuama vizuri, na uihesabu kando kwa maji ambayo hayakutuamishwa.

Chemba na mwanga

Geuza chupa ya mililita 50 taratibu mara kadhaa ili seli zisambae, bila kuitikisa kwa nguvu hadi minyororo ikatike. Weka kifuniko cha chemba kimshazari, jaza kwa pipeti kutoka pembe moja hewa itoke pembe ya pili, kisha kizungushe kifuniko kikae sawa. Kukiwa na kiputo cha hewa, anza upya. Subiri dakika 15 hadi 20 seli zikae chini. Zikishakaa, zote ziko kwenye tabaka moja na lenzi ya 10x itaziona kwa ukali. Lenzi ya 40x kwa kawaida haifiki, kwani chemba ni nene. Hiyo iache kwa slaidi za kutambulia sura.

Usiiache chemba ikauke. Maji ya chumvi yakianza kukauka pembeni hutoa fuwele zenye kingo kali, na kompyuta huzihesabu kwa furaha. Na tone la maji ya bahari likigusa lenzi, lifute papo hapo kwa karatasi ya lenzi iliyoloweshwa maji yaliyotoneshwa. Hewa yetu ya Pwani ina unyevu na chumvi. Hadubini isiyohifadhiwa kwenye sanduku lenye vifuko vya silika huota ukungu ndani ya lenzi, na ukungu hautoki kwa kufutwa.

Sasa mwanga, na hapa nakuomba usiharakishe. Picha mbovu haitengenezwi na programu yoyote. Mwaka 1893 August Köhler alieleza namna ya kupanga taa, kondensa (lenzi ya chini ya slaidi inayokusanya mwanga) na vizuizi vya mwanga ili eneo lote linaloonekana liangazwe sawasawa. Hadubini nyingi za shule hazina vizuizi vyote alivyovitumia, lakini unaweza kufanya haya: pandisha kondensa mpaka mwanga uenee sawa, kisha funga diaframu yake kidogo, ibaki wazi kama robo tatu. Ukiifunga kupita kiasi, kila seli itazungukwa na pete nyeusi na nyeupe, na kompyuta itachukua pete kuwa sehemu ya seli. Ukiifungua kabisa, seli zisizo na rangi hupotea. Ukipata kiwango kizuri, tia alama kwa kalamu ya wino usiofutika ili ukirudie siku nyingine.

Kwenye simu, funga mwangaza, fokasi na rangi visijirekebishe vyenyewe. Zima HDR, zima urembeshaji wowote wa picha, na usivute picha kwa vidole. Simu ikijirekebisha kila picha, kizingiti, yaani kiwango cha giza kinachotenga seli na maji, kilichofaa picha ya kwanza hakitafaa ya pili.

Kipimo: pikseli moja ni mikromita ngapi?

Piga picha ya rula ya hadubini, ile yenye milimita 1 iliyogawanywa mara 100, kila mgawanyo mikromita 10. Kama huna, azima chemba ya Neubauer, ya kuhesabia seli za damu, kwenye maabara ya zahanati: miraba yake midogo kabisa ya katikati, katika ile aina inayotumika sana, ina upande wa mikromita 50. Fungua picha hiyo kwenye Fiji, chora mstari ulionyooka juu ya umbali unaoujua, nenda "Analyze", kisha "Set Scale", andika umbali na kipimo, na uweke alama kwenye "Global". Chora mstari mrefu, si wa mgawanyo mmoja, ili kosa la mkono liwe dogo.

Rudia kwa kila lenzi, na kila simu inapoondolewa na kurudishwa. Lenzi ya 10x yenye uwazi wa namba 0.25 (namba hii huandikwa ubavuni mwa lenzi) inaweza kutenganisha vitu vilivyoachana kwa zaidi kidogo ya mikromita 1. Ili usipoteze uwezo huo, pikseli yako iwe na upana wa nusu mikromita au chini ya hapo. Ikiwa ndogo mno hupati undani zaidi. Unajaza diski tu.

Kupiga picha

Piga kwanza picha ya eneo tupu lenye maji safi, kwa mwanga ule ule. Hiyo utaitumia kusawazisha mwangaza.

Kisha tembea kwenye chemba kwa mistari, mwanzo hadi mwisho, ukipiga kila baada ya hatua ile ile ya skrubu. Usichague. Mkono una tamaa ya kusimama penye viumbe wengi au penye Ceratium mwenye pembe nzuri, na tamaa hiyo huipandisha namba. Pasipo na kitu piga pia, kwani sifuri ni jibu.

Hifadhi kwa TIFF au PNG kama kamera inaruhusu. JPEG hupunguza ukubwa wa faili kwa kuvuruga kingo, na kingo ndizo tunazopima. Kama simu yako inatoa JPEG tu, chagua ubora wa juu kabisa. Majina ya faili yaseme kila kitu: mahali, tarehe, lenzi, namba ya picha. Folda ya picha asili ifunge, usiiguse tena. Fanya kazi kwenye nakala.

Ndani ya Fiji

Badilisha picha iwe ya kijivu: "Image", "Type", "8-bit". Kama seli zako zina rangi nzuri ya iodini, jaribu kwanza kuzitenganisha rangi tatu kwa "Image", "Color", "Split Channels". Kahawia ya iodini hunyonya zaidi mwanga wa buluu, kwa hiyo kwenye picha ya buluu seli mara nyingi hutokea nyeusi zaidi kuliko kwenye nyekundu au kijani.

Sawazisha usuli. Njia bora ni kugawanya picha yako kwa ile picha tupu kupitia "Process", "Image Calculator", ukichagua matokeo ya biti 32, kisha uyarudishe kuwa ya biti 8. Ukikosa picha tupu, tumia "Subtract Background" na uweke alama ya "Light background", kwa kuwa usuli wetu ni mweupe. Namba ya nusu kipenyo izidi ukubwa wa kiumbe mkubwa kuliko wote unayemhesabu. Ikiwa ndogo, programu itawafuta wakubwa ikidhani ni usuli. Lainisha kidogo kwa "Median" ya pikseli 1 au 2.

Halafu kizingiti: "Image", "Adjust", "Threshold". Hapa unaiambia kompyuta mahali giza linapoanzia. Unaweza kusukuma vishale kwa mkono, lakini ukifanya hivyo picha kwa picha hutaweza kurudia, na jicho lililochoka jioni halichagui sawa na la asubuhi. Tumia kanuni ya kihesabu. Ile ya Otsu, iliyochapishwa mwaka 1979, hugawa pikseli kwenye makundi mawili yanayotofautiana kadiri iwezekanavyo. Inafanya kazi vizuri pale seli zinapochukua sehemu ya kutosha ya picha. Seli zikiwa chache sana kwenye usuli mpana, kanuni ya "Triangle" mara nyingi hufanya vizuri zaidi. Jaribu zote mbili kwenye picha kama kumi, chagua moja, uitumie kwa sampuli zote za kundi hilo.

Mtego mmoja unawakwamisha wengi. Baada ya kizingiti, Fiji inaweza kudhani weupe ndio kitu na weusi ndio usuli, au kinyume chake. Angalia "Process", "Binary", "Options", uone kama "Black background" imewekwa alama, na uhakikishe inalingana na picha yako. Dalili ya kukosea ni programu kukuletea kitu kimoja kikubwa kama picha nzima.

Jaza matundu kwa "Fill Holes", maana diatomu nyingi huonekana kama pete yenye kati nyeupe. Seli za duara zilizogusana zitenganishe kwa "Watershed". Lakini Rhizosolenia, ambayo ni ndefu na nyembamba, "Watershed" huikata vipande vitatu au vinne. Kama swali lako ni kuhusu viumbe warefu, usiitumie kabisa.

Mwisho, weka unachotaka kupimwa kwenye "Set Measurements": eneo, maelezo ya umbo, na kipenyo cha Feret, yaani urefu mkubwa kabisa wa kitu. Kisha "Analyze Particles". Hapa unaweka ukubwa wa chini kwa mikromita za mraba na kiwango cha uduara, ambacho ni eneo mara 4 mara pai, kugawanywa kwa mraba wa mzingo. Duara kamili ni 1, kitu kirefu hukaribia 0. Chagua "Outlines" ili upate mchoro wa kila kilichohesabiwa. Bila mchoro huo huwezi kuhakiki.

Kuhusu vitu vinavyokatwa na ukingo wa picha: ukivitoa vyote kwa "Exclude on edges" unapunguza idadi, na unawapunguza wakubwa zaidi ya wadogo, ukivihesabu vyote unaizidisha. Endesha mara mbili, ukivitoa na usivitoe, kisha chukua wastani.

Tope

Haya yote hufanya kazi vizuri kwenye maji safi. Maji yenye tope la Sabaki yanataka kazi ya ziada, na ndiyo sababu miongozo iliyoandikwa kwa bahari za wengine haitutoshi.

Chembe za tope ni za aina nyingi. Punje za mchanga hupitisha mwanga katikati na kung'aa kwenye kingo. Udongo mwekundu hujikusanya vibonge visivyo na umbo. Mabaki ya majani huwa na nyuzi. Ukubwa hauzitengi na seli, kwa sababu zinapatikana kwa kila ukubwa. Uduara unasaidia kiasi, kwani vibonge vya udongo huwa na kingo zenye mikwaruzo na hupata alama ndogo, lakini diatomu ndefu nazo hupata ndogo. Rangi pia haitoshi: kahawia ya iodini na wekundu wa udongo hukaribiana.

Njia ninayoipendekeza ni kuifunza kompyuta kwa kuipakia rangi. Ndani ya Fiji kuna "Trainable Weka Segmentation", na kuna programu nyingine ya bure, ilastik, ambayo wengi huiona rahisi zaidi. Unafungua picha chache, unapitisha brashi juu ya seli useme hii ni seli, juu ya tope useme hili ni tope, juu ya maji useme haya ni maji. Programu inaangalia si giza la pikseli tu bali na mpangilio wa pikseli za jirani, inajifunza, kisha inapaka picha nzima. Unatazama ilipokosea, unaongeza mistari pale pale, inajifunza tena. Usiipe mifano ya seli nzuri tu. Ipe seli zilizofunikwa nusu na tope, zilizovunjika, zilizo nje kidogo ya fokasi, na ipe vibonge vya tope vinavyofanana sana na seli. Humo kwenye mifano migumu ndimo inamojifunzia.

Kama mna hadubini yenye mwanga wa buluu na chujio jekundu, mna silaha bora zaidi. Klorofili ya seli hai ikipigwa mwanga wa buluu wa nanomita 450 hivi hutoa mng'ao mwekundu karibu na nanomita 680. Mchanga hautoi. Picha inakuwa nyeusi yenye nukta nyekundu, na kizingiti kinakuwa rahisi. Sharti maji yawe mabichi, yasiyotiwa Lugol, yaliyowekwa gizani kwenye ubaridi na kupigwa picha mapema. Kumbuka kwamba wanyama wadogo wasio na klorofili hawataonekana.

Uhakiki

Chukua picha 10 bila kuchagua, ambazo hazikutumika kuifunza programu. Watu wawili wazihesabu kwa jicho, kila mmoja peke yake, bila kuona majibu ya kompyuta wala ya mwenzake. Kwanza linganisheni nyinyi wawili. Kama mnatofautiana sana, tatizo liko kwenye uamuzi wenu wa mwanzo kuhusu nini kinahesabiwa. Rudini huko kabla ya kuilaumu kompyuta.

Kisha weka mchoro wa kompyuta juu ya picha na upitie kitu kimoja kimoja. Usilinganishe jumla. Tuseme jicho limeona seli 200, na kompyuta imetoa 200. Inapendeza. Lakini ukipitia unakuta 150 kati ya hizo ni seli kweli na 50 ni tope, na kuna seli 50 imeziacha. Makosa mawili yamefutana, na jumla imeyaficha. Siku tope likiongezeka na seli zikabaki vile vile, namba itapanda nawe utatangaza kwamba planktoni wameongezeka.

Kwa hiyo andika vitu viwili: kati ya seli halisi, kompyuta imepata asilimia ngapi, na kati ya vilivyotajwa na kompyuta, asilimia ngapi ni seli halisi. Mfano wa juu unatoa 75 na 75. Kwa kufuatilia mabadiliko ya majira, mimi sikubali chini ya 90 kwa kila upande, na nikiwa sijafika hapo narudi kwenye mwanga kabla ya kurudi kwenye programu.

Rudia uhakiki kila upepo unapobadilika. Mipangilio iliyofaulu wakati wa kusi, tope likiwa limesukumwa upande wa Mambrui, haijathibitishwa kwa Desemba linaporudi mjini. Ni maji tofauti.

Kupata idadi kwa lita

Tuseme kila picha inafunika milimita 1.2 kwa 0.9, yaani milimita za mraba 1.08. Kina ni milimita 1, kwa hiyo picha moja ni mikrolita 1.08, na picha 60 ni mikrolita 64.8, sawa na mililita 0.0648. Umepata seli 324. Gawanya 324 kwa 0.0648: seli 5,000 kwa mililita ya maji yaliyotuamishwa. Ulikuwa na mililita 50, kwa hiyo seli 250,000, na zote zilitoka kwenye lita moja.

Namba hiyo ina mtikisiko wake. Kwa vitu vilivyosambaa ovyo, mtikisiko wa kawaida ni kipeuo cha pili cha idadi uliyohesabu: kwa 324 ni 18, karibu asilimia 6. Ukitaka uhakika wa asilimia 95, zidisha mara mbili, uandike 250,000 kwa lita, toa au ongeza asilimia 11. Kwa uhakika huo huo, aliyehesabu seli 25 tu ana mtikisiko wa asilimia 40. Ndiyo maana haifai kutangaza ongezeko la asilimia 20 kwa picha tano. Ongeza picha, kompyuta haichoki.

Sampuli zinazofuata

Mpangilio ukishapita uhakiki, washa "Plugins", "Macros", "Record", na ufanye hatua zote mara moja. Fiji itaandika kila ulichobofya kama makro. Ihifadhi, kisha kwa "Process", "Batch", "Macro" iendeshe juu ya folda nzima. Makro ndiyo kumbukumbu ya kweli ya kazi yako: mtu wa Lamu akitaka kulinganisha maji ya mkondo wa Manda na ya kwenu, mpe makro na picha asili. Aihakiki upya kwa maji yake, kwani mabaki ya majani ya mikoko si tope la Sabaki.

Mitandao ya neva, yaani programu zinazojifunza kwa mifano, kama StarDist na Cellpose, hutenganisha seli zilizosongamana vizuri kuliko "Watershed". Ukiamua kuifunza kwa picha zako, zigawe za kufunzia na za kupimia kwa siku za kuchota. Ukizichanganya, picha mbili za chemba moja zikaangukia pande mbili, mtandao utaonekana hodari kwa kuwa umeshaona mwanga ule na tope lile.

Na unapowapelekea wavuvi au ofisi ya uvuvi jedwali, kila safu iwe na idadi kwa lita, mtikisiko wake, zile asilimia mbili za uhakiki, hali ya maji na upepo. Waeleze wazi kwamba idadi hii haisemi kama chaza au kome ni salama kuliwa. Baadhi ya planktoni wenye sumu hawatofautiani kwa umbo na wasio na sumu kwa hadubini ya kawaida. Swali hilo hujibiwa kwa kipimo cha sumu maabara. Maji yakibadilika rangi ghafla au samaki wakielea wamekufa, chota chupa mbili, moja ya Lugol na moja bila, weka ya pili kwenye barafu, na uwaite wataalamu siku hiyo hiyo.